Msiba Ulipokuwa na Miguu

Zamani Handeni habari ya kifo ilikuja kwa miguu. Kijana aliamshwa alfajiri, akatajiwa vijiji vya kupita na nani aanze kuambiwa. Akifika hakuropoka. Alikaribishwa, akapewa maji, akasalimiana na wenyeji mpaka salamu zikaisha, na muda wote huo vumbi la miguuni lilikwisha sema nusu ya habari. Ndipo akamwomba mzee mmoja watoke nje kidogo.

Korogwe walikuwa na nafuu. Reli kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1902, na palipo na reli pana waya na watu wanaosafiri kila siku. Lakini nafuu hiyo haikuwafaa sana manamba wa mashamba ya mkonge, waliotoka mbali, Kigoma na Songea huko. Mtu alizikwa kambini, na kwao habari ikafika majirani wamekwisha panda na kuvuna.

Iliyokuja kuziba pengo hilo ni Redio Tanzania Dar es Salaam na matangazo yake ya vifo. Aliyekulia nyumba yenye redio anakumbuka: watoto wananyamazishwa, sauti inapandishwa hata kama mawe ya betri yanakata roho, kisha orodha ya jamaa inasomwa jina kwa jina, kila mmoja na mji wake, “popote walipo”. Jirani aliyesikia jina la mtu asiye na redio alivaa kandambili akaenda kumwambia. Mashine ilitangaza, mwenye kuambia bado alikuwa mtu.

Simu ya mkononi iliingia Tanzania mwaka 1994, ila vijiji vya Handeni vilisubiri hadi miaka ya 2000, minara ilipoanza kutoka mijini na kandokando ya barabara kuu. Mtandao ulitafutwa juu ya kichuguu. Simu ilipelekwa kuchajiwa dukani kwa malipo, na katika kijiji kilichokuwa na simu mbili, wenye nazo wakawa matarishi wa wote. Watu walibipu, wakangoja kupigiwa.

Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na rambirambi nayo ikapanda hewani. Hapa ndipo mambo yalipogeuka kweli, kuliko hata ilipokuja WhatsApp. Tangu hapo mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwa amefika msibani bila kufika. Jina lake linasomwa kwenye daftari, kiasi kinatajwa, hakuna anayemlaumu. Kaburi wanachimba waliobaki, nao wengi umri umekwenda.

Sina haki ya kuilaani simu. Mwulize Mzigua wa Chogo, wilayani Handeni. Mababu zake walichukuliwa karne ya 19 wakauzwa Somalia. Vita vya 1991 viliwarudisha wajukuu kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo mwaka 2003, na wengi baadaye wakapata uraia. Wenzao wengine walihamishiwa Marekani miaka hiyohiyo. Ukoo uliotawanywa namna hiyo utakusanywa na nini kama si simu? Ujumbe wa sauti wa Kizigua unatoka Handeni, na kabla chai haijapoa umesikilizwa ng’ambo ya bahari.

Tatizo ni kwamba habari siku hizi haisalimii. Saa nne usiku kundi la ukoo linalia: picha ya marehemu, fremu ya maua, chini yake namba ya kutumia michango. Poleni zinamiminika, mikono iliyofumbatwa hamsini. Binti wa marehemu, anayeuza matunda stendi ya Segera, amezima data kuokoa bando. Atajua asubuhi, kwa mteja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipata ujumbe wa msiba, kabla hujauweka kwenye status uliza kwanza: mama mzazi ameshaambiwa? Na nani amekwenda kumwambia?