Hekima: Neno la Mafundi

Tunapofundisha methali, wanafunzi wetu hudhani kuwa hekima ni maneno ya wazee tu. Historia ya neno hili yaonyesha mengine. Hekima tumeipata kutoka neno la Kiarabu hikma, ambalo ni ndugu wa hokhma ya Kiebrania. Katika kitabu cha Kutoka, wenye hokhma ni Bezaleli, fundi wa dhahabu na mbao, na wanawake wanaosokota nyuzi. Katika Zaburi ya 107, hokhma ni ujuzi wa mabaharia, unaowaishia dhoruba inapochacha.

Kitabu cha Mithali kiliendeleza maana hiyo: kutumia mizani ya haki, kutodhamini deni ovyo, kutosogeza mpaka wa shamba. Mwaka 1924 mtaalamu Mjerumani Adolf Erman alionyesha kuwa sehemu inayoanzia sura ya 22 inafanana sana na mafundisho ya Amenemope wa Misri ya kale, anayetajwa humo kuwa msimamizi wa mashamba na nafaka.

Hivyo basi, methali ilikuwa chombo cha kazi. Nasi walimu tusiishie kuwauliza wanafunzi maana yake. Tuwaulize pia wataitumia wapi.