JINA NDANI YA JINA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu ya risasi. Kabla sijaanza, kila mmoja aandike jina lake, polepole, kwa herufi kubwa. Usiogope mkono ukitetemeka. Ukimaliza, weka kalamu chini, usikilize.

Nimeomba hivyo kwa sababu ya swali nililoulizwa huko Kingerikiti. Nilikwenda kutazama darasa la watu wazima. Mama mmoja, mwenye wajukuu, alikuwa ameandika jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza. Wenzake wakampigia vigelegele. Yeye hakucheka. Alilitazama lile jina kwa muda, kisha akaniuliza: “Mwalimu, jina hili nilipewa siku ya ubatizo. Kila msimu wa kahawa nimeweka dole gumba badala yake. Leo nimeliandika mwenyewe. Lakini nimeandika nini? Maana yake nini?”

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia, “Mama, nitakujibu kwa redio, ili wote wasikie.” Jina lake sitalitaja. Nitawaambieni tu kwamba linaanza kwa herufi E, L, I. Kumbe herufi hizo chache zina historia ndefu, nayo ni historia ya majina ya Mungu katika lugha ya Kiebrania. Leo sikuja kuhubiri. Hili ni somo la historia na lugha. Mkristo, Mwislamu, na yule ashikaye desturi ya wazee, wote wana fungu lao humu.

MAJINA YALIYOTOKA KATIKA SHIDA

Kiebrania kilikuwa lugha ya Waisraeli wa kale. Ni ndugu ya Kiarabu, kama Kimatengo kilivyo ndugu ya Kingoni na Kimpoto. Neno la kale la kumtaja Mungu katika jamaa hiyo ya lugha ni El. Halikuwa neno la Waisraeli peke yao. Mwaka 1929, wachimbaji katika magofu ya mji wa Ugariti, nchini Syria, walianza kufukua vibao vya udongo vilivyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Jina El limo katika vibao hivyo. Neno Ilahi, wanalolitumia Waislamu wa pwani na wa bara katika dua, ni ndugu wa El. Na neno Allah ni la ukoo huohuo.

Waisraeli walitumia pia neno Elohimu. Kwa umbo lake neno hili ni la wengi, lakini walilitumia kwa Mungu mmoja. Msishangae. Wanyanja na Wayao humsemesha mzee mmoja kwa neno la wengi, kwa heshima.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la somo hili. Majina mengi ya Mungu katika vitabu vya Waebrania hayakutungwa na wataalamu waliokaa kivulini. Yanasimuliwa kuwa yalitoka kwa watu waliokuwa katika shida.

Mfano wa kwanza ni Hagari. Alikuwa mwanamke wa Misri, mjakazi katika nyumba ya Abrahamu. Alipokuwa mja mzito aliteswa na bibi yake, akakimbilia jangwani. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba hapo, kando ya chemchemi ya maji, malaika alimkuta na kumwahidi mtoto. Hagari akampa Mungu jina: El Roi, maana yake Mungu anionaye. Fikirini. Mwanamke huyu hakuwa na shamba wala mume wa kumtetea. Alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemwona. Jina alilompa Mungu lilitoka katika haja yake mwenyewe. Na mtoto wake aliitwa Ishmaeli, yaani Mungu husikia. Waislamu humwita Ismaili.

Mfano wa pili ni El Shadai. Katika Biblia ya Kiswahili jina hili hufasiriwa kwa neno Mwenyezi. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na neno la kale lenye maana ya mlima. Mtu aliyelima ngoro katika miteremko ya Umatengo anaweza kuelewa upesi kwa nini watu wangemfikiria Mungu kwa mfano wa mlima. Mlima hauhami. Mvua hutoka huko. Adui akija, watu hupanda huko.

Hilo la adui linatuleta kwa Gideoni. Huyu alikuwa akipura ngano kwa siri mahali pa kukamulia zabibu, kwa kuwaogopa Wamidiani waliokuwa wakipora mavuno. Alipotokewa na malaika aliogopa kufa, lakini akaambiwa asiogope. Akajenga madhabahu, akaiita kwa jina lenye maana kwamba Mungu ni amani. Neno lake la amani ni shalomu, ndugu wa neno salaam la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupa neno salamu. Babu zetu wa Umatengo wangemfahamu Gideoni. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliposambaa huku Kusini, Wamatengo wengi walikimbilia milimani na kulima kwa hofu. Leo Mmatengo na Mngoni ni majirani, wanaoleana. Lakini wazee walijua amani ni nini, maana waliwahi kuikosa.

HERUFI NNE

Sasa shikeni kalamu. Andikeni herufi hizi: K, N, G, R, K, T. Nani anaweza kulisoma neno hilo? Mgeni kutoka mbali hawezi. Lakini mtu wa huku ataona mara moja kwamba ni Kingerikiti. Tumeondoa irabu, yaani zile i na e, tukabakiza herufi nyingine. Anayelijua neno hulisoma, asiyelijua hukwama.

Hivyo ndivyo Waebrania walivyoandika. Jina kuu la Mungu wao liliandikwa kwa herufi nne, ambazo kwa herufi zetu ni Y, H, W, H. Jina hilo limeonekana pia nje ya Biblia. Mwaka 1868 jiwe kubwa lenye maandishi lilionekana Dhiban, katika nchi iitwayo leo Yordani. Lilichongwa kwa amri ya mfalme Mesha wa Moabu katika karne ya 9 kabla ya Kristo, na herufi nne zimo.

Jina hilo lahusiana na kitendo cha kuwa, au kuwako. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba Musa, aliyekuwa akichunga kondoo, aliuliza jina la Yule aliyemtuma. Jibu alilopewa lilikuwa la kuwako: Yeye yuko, na atakuwako. Angalieni habari hiyo iliagizwa ipelekwe kwa nani. Ilipelekwa kwa watumwa waliokuwa wakifyatua matofali ya Farao. Mtumwa hana hakika ya kesho. Kwake, jina lenye maana ya kuwako ni jambo kubwa.

Baadaye Wayahudi waliliheshimu jina hilo hata wakaacha kulitamka. Wakifika penye herufi nne, husoma Adonai, maana yake Bwana wangu. Kati ya karne ya 6 na ya 10, wataalamu wa Kiyahudi walitia alama za irabu katika vitabu vyao. Penye herufi nne wakatia irabu za Adonai, kumkumbusha msomaji. Watu wa Ulaya waliosoma herufi za jina moja pamoja na irabu za jina jingine wakapata neno Yehova. Wataalamu wengi hufikiri kwamba matamshi ya kale yalikuwa Yahwe. Mwaka 2008 Kanisa Katoliki liliagiza kwamba neno hilo lisitamkwe katika ibada na nyimbo, kwa kufuata desturi ileile ya kale.

NENO BWANA

Wafasiri walifuata njia ya Wayahudi. Waliofasiri kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, waliandika Kurios, yaani Bwana. Kilatini kikafuata, kisha lugha za Ulaya, kisha Kiswahili. Ukifungua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, mara nyingi utaona neno BWANA kwa herufi kubwa tupu. Ukiliona hivyo, jua kwamba chini yake mna zile herufi nne.

Lakini neno Bwana lilikuwa na kazi nyingine katika nchi yetu. Katika siku za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, Bwana alikuwa mtoza kodi, Bwana alikuwa mwenye shamba, na Bwana Shauri alikuwa mkuu wa kukata kesi. Mtu aliyesikia neno hilo kanisani Jumapili alikuwa amelisikia pia Jumamosi likiitwa kwa hofu. Jina walilopelekewa watumwa likavaa vazi la mwenye watumwa. Wafasiri hawakukusudia hivyo. Lakini ndiyo sababu ni vizuri mtu ajifunze kusoma mwenyewe, aone kilichoko chini ya neno. Biblia Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, ilichagua kuandika Mwenyezi-Mungu.

MAJINA YETU

Kwa neno Elohimu mambo yalikwenda vingine. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere alifanya kazi ya kufasiri Unguja. W. P. Johnson alifika Ziwa Nyasa mwaka 1882, akafasiri Biblia kwa Kinyanja, akafariki Liuli mwaka 1928. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka 1899. Wageni hawa walikuta kwamba watu tayari wana jina la Mungu. Pwani walimwita Mungu. Katika lugha nyingi za bara walimwita Mulungu. Wangoni wa Songea walimwita Chapanga, Wanyakyusa Kyala, Wahehe na Wabena Nguluvi, Wachagga Ruwa, na Waganda Katonda, maana yake Muumba. Wafasiri wa Kiswahili hawakumwambia mtu wa pwani amwite Mungu Elohimu. Walichukua jina alilorithi kwa babu yake.

Ila jina El halikubaki Kanaani. Lilikuja likiwa limefichwa ndani ya majina ya watu. Waebrania walikuwa na desturi ya kutia jina la Mungu katika jina la mtoto. Andikeni majina haya, mpige mstari chini ya sehemu ya Mungu. Danieli: Mungu ni mwamuzi wangu. Mikaeli: Nani aliye kama Mungu? Emanueli: Mungu yu pamoja nasi. Elizabeti: Mungu wangu ni kiapo. Zile herufi nne nazo zilikatwa zikawa Ya au Yo. Yohana: Yahwe amefadhili. Zakaria: Yahwe amekumbuka. Na Eliya ana yote mawili: Mungu wangu ni Yahwe.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Kule Rwanda na Burundi, Mungu huitwa Imana, na kuna watu waitwao Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye. Mwislamu aitwaye Abdallah ni mtumishi wa Allah. Mwebrania aitwaye Obadia ni mtumishi wa Yahwe. Maana ni moja. Kwa Wachagga, neno aika ni ahsante. Wako wanaoitwa Aikaruwa, na wako wanaoitwa Aikaeli. Shukrani ni ileile, Mungu ametajwa kwa lugha mbili. Na watu wa kwetu Tanzania wameendelea kutunga wenyewe: Elibariki, Elirehema, Elifuraha. Majina haya hayamo katika Biblia. Nusu ni Kiebrania cha kale na nusu ni Kiswahili. Mzazi fulani aliona furaha au rehema nyumbani kwake, akampa mtoto jina, kama Hagari alivyofanya kando ya chemchemi.

JIBU LA MAMA

Sasa, mama wa Kingerikiti, nakujibu. Herufi zile tatu za mwanzo, E, L, I, maana yake ni Mungu wangu. Mwenyewe unaweza kuona kwamba halikusemwa “Mungu wa mfalme” wala “Mungu wa waliosoma.” Limesemwa wangu. Miaka yote uliyoweka dole gumba, neno hilo lilikuwa lako, lakini wengine ndio walioliandika. Karani aliliandika kama alivyosikia, sawa au kombo, nawe hukuweza kumsahihisha. Tangu sasa waweza. Msimu ujao wa kahawa, daftari likifunguliwa, omba kalamu.

Na wewe ambaye jina lako halina El wala Ya, usijione mnyonge. Majina kama Ndunguru, Kapinga, Hyera na Komba nayo yana historia, na mwalimu wake si mimi. Ni wazee wa ukoo wako. Waulize wangali hai, ukaandike jibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Hagari alimpa Mungu jina gani, na kwa nini?
2. Andika jina la kijiji chako bila irabu. Mpe jirani alisome. Amepata shida gani?
3. Wazee wa nyumbani kwako humwita Mungu jina gani?
4. Jina lako ulipewa na nani, na ana sababu gani? Andika sentensi mbili.

Mwalimu asisahihishe swali la nne kwa wino mwekundu. Asome tu, amrudishie mwenyewe. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.