Uwiano wa Poisson na Visobadilika vya Unyumbufu

Kitu kikivutwa hurefuka, na papo hapo hupungua unene. Uwiano wa Poisson ni namba inayolinganisha mabadiliko hayo mawili: sehemu ya unene iliyopungua ikigawanywa kwa sehemu ya urefu iliyoongezeka. Namba hii haina kizio. Jina ni la Mfaransa Siméon Denis Poisson.

Chukua nondo ya milimita 10, yenye urefu wa mita moja, uitundikie mzigo wa tani moja. Mkazo, yaani kani kwa eneo la mkato wa nondo, unafika megapaskali 125 hivi. Moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kurefushwa, kwa chuma hiki ni kama gigapaskali 200. Gawanya mkazo kwa moduli, utapata mnyumbuko, yaani sehemu ya urefu iliyoongezeka: nondo inarefuka kwa milimita 0.6. Uwiano wake wa Poisson ni 0.3 hivi, basi kipenyo kinapungua kwa milimita 0.002 tu. Mzigo ukiondolewa, nondo inarudi ilivyokuwa.

Mpira unakaribia 0.5, kwa hiyo ukivutwa ujazo wake haubadiliki sana. Koki inakaribia sifuri, ndiyo maana kizibo chake husukumwa kwenye shingo ya chupa bila kutanuka pembeni.

Je, moduli ya Young peke yake haitoshi? Kwa nadharia ya molekuli ya Poisson, ingetosha: uwiano ungekuwa robo kwa kila kitu. Mwaka 1848 Guillaume Wertheim alifanya majaribio akapata takriban theluthi. Leo tunajua kwamba mata isotropiki, yaani yenye tabia moja pande zote, inahitaji visobadilika viwili. Vingine hukokotolewa. Moduli ya ukakamavu, inayopima jinsi chuma kinavyokataa kusokotwa, ni 200 gawanya kwa 2 mara 1.3 (moja jumlisha uwiano wa Poisson): gigapaskali 77.

Fuwele moja ya chuma si isotropiki. Nondo huhesabiwa kuwa isotropiki kwa kuwa ina fuwele nyingi mno zilizoelekea huku na huko. Ubao una nyuzi zinazofuata urefu wa mti, na hesabu yake kamili hudai visobadilika tisa. Jedwali likikupa viwili tu vya mbao, uliza kwanza kama vilipimwa kufuata nyuzi au kuzikatisha.