Mkanda wa 400 au 800? Mwongozo wa kupiga picha za rangi kwenye mwanga hafifu wa Bukoba na Muleba

Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa anayetumia kamera ya mkanda, hiyo maana yake ni mawingu ya ziwani, kivuli kizito cha migomba na nyumba zenye mwanga mdogo.

Mkanda mmoja una picha 36. Hakuna kufuta, hakuna kuangalia kwenye kioo. Bibi akikaa mlangoni mwa msonge na wewe ukakosea mwanga, utajua siku ya kuchukua picha studio, na huenda nafasi hiyo isirudi.

Dawa ni mambo mawili: chagua mkanda wa kasi, kisha usiubanie mwanga.

Namba kwenye boksi

Namba ya ISO, ambayo wapiga picha wa zamani huiita ASA, inaonyesha mkanda unavyopokea mwanga. Namba ikiongezeka mara mbili, mkanda unahitaji nusu ya mwanga. Kwa hiyo mkanda wa 800 unahitaji sehemu moja tu ya nane ya mwanga unaotakiwa na wa 100.

Chukua mfano wa sebuleni, mwanga ukitoka mlangoni tu. Kwa tundu la lenzi la f/2, mkanda wa 100 unaweza kudai sekunde 1/8. Hapo mkono ukitikisika kidogo, picha imeharibika. Mkanda wa 800 unatosha kwa 1/60.

Hasara zake: punje zinaonekana zaidi kwenye picha, na bei huwa juu.

Uchague upi?

- 400 ni wa kutwa nzima: sokoni, mwaloni, shamba la kahawa na migomba Kamachumu. Kodak UltraMax 400 na Portra 400 ziko kundi hili.
- 800 ni wa ndani ya nyumba, sendofu ya usiku na alfajiri ziwani. Kodak Portra 800 ndio unaojulikana zaidi.
- CineStill 800T umetengenezwa kwa taa za balbu za njano. Ukiutumia mchana bila kichujio, picha huelekea bluu. Taa kali, kama za mitumbwi ya dagaa usiku, huzungukwa na duara jekundu. Wengine wanalipenda, lakini si la picha ya familia.

Pa kuanzia kama kamera haina kipima mwanga

Mkanda wa 400:
- Jua kali: f/16, sekunde 1/500
- Wingu zito: f/8, sekunde 1/250
- Chini ya migomba: f/4, sekunde 1/125

Mkanda wa 800:
- Ndani, karibu na mlango: f/2, sekunde 1/60

Jioni uwe mwepesi. Bukoba iko karibu na ikweta, jua likishazama giza linaingia ndani ya nusu saa hivi.

Zidisha, usipunguze

Negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi, hata mara nne ya kipimo. Ikikosa mwanga haina msamaha: weusi hugeuka tope la kijani au kahawia, punje zinajaa, na studio haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia kwenye mkanda.

Ndiyo maana wengi huweka mkanda wa 400 kwenye 200, na wa 800 kwenye 400.

Angalia pia kipima mwanga kinasoma nini. Gauni jeupe la bibi harusi au anga la mawingu huidanganya kamera, uso wa mtu ukatoka mweusi tii. Sogea, pima usoni, kisha rudi nyuma upige. Ukipima usoni kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, huna haja ya kuongeza tena.

Flashi nayo inafika mbali zaidi: kwa mkanda wa 400 ni mara mbili ya umbali wa mkanda wa 100.

Kabla na baada ya kupiga

- Ulizia kwanza studio kama bado inasafisha mikanda ya rangi. Mfumo wake unaitwa C-41, ulioanza mwaka 1972. Dawa ya kwanza hukaa dakika 3 na sekunde 15 kwenye nyuzijoto 37.8. Joto likiyumba, rangi zinayumba.
- Tunza mkanda kwenye friji ukiwa umefungwa. Ukiutoa, uache saa moja au mbili kabla ya kufungua, usije ukaingia unyevu.
- Usinunue mkanda wa 800 uliopita muda kwa kazi ya harusi. Mikanda ya kasi huzeeka haraka kuliko ya 100.
- Ukisafiri kwa ndege, usiuweke kwenye begi la kukabidhi. Beba mkononi na uombe ukaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi zinaweza kuuharibu.
- Ukimaliza picha 36, peleka mkanda ukasafishwe mapema. Usiuache kwenye kamera hadi Krismasi nyingine.