Sukari ya damu iliyopanda kidogo: uzito na mlo katika Choma, Igunga

Sukari ya damu huitwa iliyopanda kidogo pale kipimo kinapovuka kiwango cha kawaida bila kufikia kisukari. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyepimwa asubuhi kabla ya kula yumo katika hali hiyo akiwa na glukosi ya milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita. Chama cha Kisukari cha Marekani huanza kuhesabu kwenye 5.6. Kuanzia 7.0 ni kisukari. Kipo pia kipimo cha wastani wa miezi mitatu, lakini kinaweza kupotosha kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu, na magharibi mwa Tanzania hali hizo si ngeni. Mwenye sukari ya kiwango hiki kwa kawaida hasikii chochote, na hapo ndipo wengi hupitwa. Kwa mkazi wa Choma, katika Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, tiba ya kwanza ni kupunguza mafuta ya tumboni ikiwa yapo, na vyakula vya kumfikisha huko vinalimwa hapo hapo. Kinachotakiwa kubadilika ni kiasi kinachoingia sahanini.

Mafuta yakijaa ndani ya ini, ini huacha kuitii insulini na kuendelea kumwaga glukosi kwenye damu hata mtu akiwa amelala. Yakifika kwenye kongosho, seli zinazotengeneza insulini nazo hulegea. Mafuta hayo ya ndani huanza kutoka mapema mtu anapopungua, ndiyo sababu kilo chache huleta nafuu kubwa kuliko mizani inavyoonyesha. Jaribio la Da Qing nchini China lilianza mwaka 1986 na watu 577; miaka sita baadaye, waliopewa ushauri wa mlo au mazoezi walikuwa wameugua kisukari kwa uchache zaidi kuliko walioachwa bila ushauri huo. Ufini ilitoa matokeo ya jaribio lake mwaka 2001, Marekani mwaka 2002, na kila moja ilipata upungufu wa asilimia 58 wa wanaougua kisukari. Kati ya Wamarekani hao 3,234, kundi la mlo na mazoezi liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya kazi ya mwili dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 5.6 tu. Kundi lililomeza kidonge cha metformini lilipata asilimia 31, kwa hiyo anayesema kidonge kinatosha ameshikilia nusu ya faida. Anayesema Wamarekani wale walikuwa wanene mno kulinganishwa na mkulima wa pamba wa Igunga amesema kweli, ila huko Da Qing hata wasio wanene walinufaika kwa mlo na mazoezi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wazee: tulikula ugali na viazi miaka yote, kisukari kilikuwa wapi? Hapa wazee wana hoja. Uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania na kukuta kisukari kwa chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Makundi hayo hayafanani kiasi cha kulinganishwa namba kwa namba, lakini ongezeko ni dhahiri, na wanga haukuvumbuliwa katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni kazi ya mwili. Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alipokea posho ya nafaka, akaitumia yote kati ya Tabora na Bagamoyo akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa njia hiyo ulififia. Siku hizi jembe la ng'ombe, mashine ya kusaga na bodaboda zimepunguza jasho zaidi, lakini bonge la ugali halijapungua.

Basi ugali ubaki, ila uchukue robo ya sahani. Nusu iwe mlenda, matembele au nsansa (mboga za majani yaliyokaushwa), na robo nyingine choroko, kunde, njugu mawe au dagaa. Dona ina nyuzinyuzi ambazo sembe imepoteza, na mtama nao ni mzuri, lakini ushauri wa kubadili unga pekee unadanganya: bonge la dona bado ni bonge. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa kuwa maji yamekauka, hubeba wanga mwingi katika konzi moja. Karanga za kuungia mboga ni chakula bora chenye nguvu nyingi, kwa hiyo zipimwe. Kuhusu asali, fahari ya Tabora, wengi huiona dawa. Sehemu yake kubwa ni fruktosi na glukosi, na mwili hauipi msamaha kwa kutoka mzingani. Chai ndiyo mahali rahisi pa kuanzia: vijiko vinne vya gramu tano, mara tatu kwa siku, ni gramu 60 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 50 hivi, na ikiwezekana 25.

Liko jambo ambalo majaribio ya Ulaya na Marekani hayalijibu. Afrika Mashariki wapo watu wembamba wenye sukari ya juu, baadhi yao waliokosa lishe utotoni, ambao tatizo lao huenda ni upungufu wa insulini kuliko wingi wa mafuta. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa aina ya tano. Kumwambia mtu kama huyo apungue ni kumdhuru. Huyo anahitaji protini, kipimo cha pili na daktari. Kwa hiyo kabla ya ushauri wowote, utepe uzungushwe kiunoni. Mwenye kitambi naye huogopa maneno, kwani kukonda kumehusishwa na UKIMWI au ufukara tangu miaka ya themanini, na hofu hiyo haitulizwi kwa takwimu. Inasaidia zaidi familia nzima ikila sahani ile ile, kiuno kikipimwa kila mwezi na sukari ikirudiwa kila mwaka, maana katika jaribio la Marekani wengi walirudisha sehemu ya uzito walioupunguza.