Ukoo wa Seyyid Said Machoni mwa Binti Yake

Seyyid Said bin Sultan alipofariki baharini karibu na Shelisheli, Oktoba 1856, aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18. Habari za watoto wa kiume zimejaa vitabuni. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Zanzibar, na Barghash akaitawala Zanzibar baada yake na kujenga Beit el Ajaib. Mabinti wengi wamepita kimya, wakitajwa tu pale walipowafaa au walipowaudhi kaka zao. Aliyevunja kimya hicho ni Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Berlin mwaka 1886, na mara nyingi hutajwa kuwa maisha ya kwanza kuandikwa na kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu.

Mabalozi na manahodha waliandika mengi kuhusu karafuu, pembe na mikataba ya Zanzibar ya karne ya 19. Ndani ya nyumba hawakuingia. Bila ya binti huyu, tungejua kwamba ukoo wa Seyyid Said ulivunjika, lakini tusingejua ulivunjika vipi, nani alimlilia nani, na ahadi gani zilikuwa zimewekwa kati ya mama na mama kabla ya watoto wao kugombana.

Jumba la Mtoni lilikuwa kaskazini ya mji, ufukweni kabisa. Salme anaeleza ua mkubwa wenye tausi, mbuni, paa na bata, safu ya nyumba za kuogea, na watu wapatao elfu moja wakiishi ndani ya eneo lile. Kuelekea baharini kulikuwa na roshani ya mviringo ya mbao, na hapo ndipo baba yake alipopenda kutembea huku na huku, akichechemea kwa jeraha la vita. Mbele yake kilitakiwa Kiarabu peke yake. Alipogeuza mgongo, watu walirudia Kiswahili, Kifarsi, Kituruki, Kihabeshi na lugha nyingine walizokuja nazo.

Walikuja nazo kwa sababu wengi wao waliletwa. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukazi. Alitekwa angali mtoto mdogo, wazazi wake wakiwa wameuawa, akauzwa mpaka akafika nyumbani kwa Seyyid. Hakuwa na ndugu wala jamaa kisiwani. Jamaa zake aliwatengeneza mwenyewe. Pamoja na suria mwenzake kutoka kwao, Sara, waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, aliyebaki atawalea watoto wa mwenzake. Sara ndiye aliyetangulia, na mmoja wa watoto wake alikuwa Majid.

Ahadi hiyo ndiyo iliyoyapanga maisha ya Salme. Mtoto wa kiume wa Seyyid alipofikia utu uzima alipewa nyumba yake, na Majid alipopewa Beit el Watoro mjini, Jilfidan alihamia huko kumwangalia yeye na dada yake Khaduj. Salme alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Aliiacha Mtoni kwa machozi, lakini kwa Majid alijifunza kupanda farasi, kulenga shabaha na kupiganisha majogoo. Kaka huyo alimpenda kama wa tumbo moja.

Kumbukumbu zake zina thamani kubwa hasa anaposimulia hatua za maisha, kwa sababu anazitazama kwa karibu kama mtu wa ndani tu awezavyo. Mtoto wa kike alitobolewa masikio siku ya saba, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, matundu sita kila sikio. Siku ya arobaini alinyolewa nywele za kwanza, na nywele hizo hazikutupwa ovyo: zilizikwa, zilitupwa baharini au zilifichwa katika ufa wa ukuta. Msichana alipofika miaka tisa hivi, barakoa ilianza kuusitiri uso wake mbele ya wanaume wasio maharimu zake.

Masomo nayo yalikuwa na mpaka wake. Watoto wote walisomeshwa Kurani, lakini kuandika kulifunzwa wavulana. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ukitumiwa kama ubao, akaanza kunakili kwa siri herufi za msahafu moja baada ya nyingine mpaka mkono ukazoea.

Ujuzi huo ulikuja kumponza.

Mwaka 1856 jamaa wote walikuwa wakimngoja Seyyid arudi kutoka Omani. Jahazi lilirudi na jeneza. Barghash, aliyekuwa safarini na baba yake, aliliteremsha usiku na kulizika kimyakimya. Kwa masuria waliomzalia Seyyid watoto, kifo hicho kilikuwa pia mlango wa uhuru, kwa kuwa sheria iliwaacha huru bwana wao alipofariki. Lakini wengi wao hawakuwa na kwao pa kurudi. Salme alitangazwa kuwa mtu mzima akiwa na miaka 12, akapewa shamba na fedha, fungu lake la mirathi.

Mali iligawanywa, na nyoyo nazo zikagawanyika. Thuwaini na Majid waligombea urithi wa dola, mpaka mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ulipozitenga Omani na Zanzibar na kuitoza Zanzibar riali 40,000 kila mwaka kwa Maskati. Huo ndio mgogoro unaofundishwa shuleni. Salme anatuonyesha mwingine uliokuwa ukichemka nyumba kwa nyumba, baina ya madirisha yanayotazamana. Dada mmoja hakusalimiana na mwenzake kwa sababu kila mmoja alikuwa upande wa kaka tofauti.

Kipindupindu kilipokipiga kisiwa mwishoni mwa miaka ya 1850, Jilfidan alikuwa miongoni mwa waliokufa. Salme alikuwa na miaka 15, bila baba wala mama, akiishi na dada yake Khole aliyempenda mno. Khole alikuwa upande wa Barghash, aliyepanga kumpindua Majid. Katika kundi lile la wala njama, binti aliyejua kuandika alikuwa na kazi maalumu: Salme akawa karani, akiandika barua za kuagiza watu na silaha. Majid aliizingira nyumba ya Barghash. Khole na Salme wakapita katikati ya askari, na wakamtoa kaka yao amejitanda shela kama mwanamke. Jaribio halikufaulu. Waingereza waliingia kati, Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay.

Mwanawe Sara alikuwa amesalitiwa na binti wa mwanamke aliyeapa kumlea. Majid hakumwadhibu, na baadaye wakapatana. Kupatana huko nako kulimgharimu: waliokuwa upande wa Barghash, Khole akiwamo, walimtenga. Upweke huo unaeleza mengi ya yaliyofuata. Katika upweke huo alifahamiana na jirani yake mjini, mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Agosti 1866, akiwa mja mzito, aliondoka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akaolewa. Mtoto wao wa kwanza alifariki wakiwa njiani kwenda Ulaya.

Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mdogo alikuwa bado mchanga wakati Ruete alipogongwa na tramu mwaka 1870, akafa. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki Zanzibar, na aliyerithi kiti alikuwa Barghash. Yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi hakumsamehe kamwe kuolewa na Mkristo na kuacha dini. Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar na meli za Kijerumani, Bismarck, chansela wa Ujerumani, akimtumia kama chambo cha kuibana nchi hiyo; Barghash alikataa kuonana naye. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, na hakupata kitu. Aliishi miaka mingi Beirut, akafia Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mchanga aliouchukua Zanzibar.

Kumbukumbu zile alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, akihofia kwamba angekufa kabla hawajawa wakubwa wa kuuliza mama yao alitoka wapi. Hofu hiyo ilitupa hazina.

Hazina hiyo lakini ina doa, na haifai kulifunika. Salme aliutetea utumwa. Katika sura nzima alidai kwamba watumwa wa Waarabu waliishi vizuri na kwamba Wazungu walifanya haraka kuukomesha, na maneno yake juu ya Waafrika ni ya dharau. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya maandishi hayo, ikaamuliwa jina liondolewe. Binti wa mwanamke aliyeuzwa utotoni aliyaona machungu ya mama yake, asiyaone ya yaya waliombeba, wapagazi wala wachumaji wa karafuu katika mashamba aliyorithi. Watu hao nao walikuwa na mama, na walikuwa na ahadi zao. Hakuna aliyewapa kalamu.

Kwa hiyo kitabu hiki kinastahili kusomwa Zanzibar na pwani nzima, na kusomeshwa shuleni, kikiwa kizima. Mwalimu anayewasomea wanafunzi habari za roshani ya Mtoni na mfupa wa ngamia asiiruke sura ya utumwa. Awaulize wanafunzi hao ni nani mwingine aliyekuwa ndani ya jumba lile siku zile, na kwa nini hatuna kitabu chake.