Hesabu za nyimbo za iPod zilikuwa zikipotelea wapi?

Leo turudi nyuma kidogo. Apple ilitangaza iPod ya kwanza tarehe 23 Oktoba 2001, ikiwa na diski ya GB 5. Baadaye wengi walikumbana na kitendawili: wimbo umeusikiliza mara kumi, unaunganisha iPod na tarakilishi, na iTunes haiongezi hata moja.

Siri ilikuwa hii. iPod haikuandika hesabu ndani ya orodha kuu ya nyimbo, iTunesDB. Iliziweka kando, katika faili ndogo iitwayo Play Counts. Faili hiyo haikuwa na majina: hesabu ya kwanza ni ya wimbo wa kwanza katika orodha, ya pili ni ya wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. iTunes iliisoma, ikajumlisha, kisha ikaifuta.

Basi programu nyingine ikitangulia kuifuta faili hiyo au kuipangua orodha, hesabu zimekwenda. Dawa ilikuwa kuanza na iTunes kabla ya programu nyingine yoyote.

Apple ilisitisha iPod mwaka 2022, lakini funzo limebaki kwetu waandishi wa programu: usitegemee nafasi pekee kutambua kitu, na usiache kumbukumbu ya mtu katika nakala moja tu.